Makosa Aliyoyaona Ansu

Kila siku saa kumi alasiri basi la shule lilimshusha Ansu kwenye njia panda ya kanisa, naye akapanda kilima kwa miguu katikati ya miti ya mpira. Kila mti ulikuwa umefungwa kifuu cha nazi cha kukingia utomvu, na mvua ilipokuwa imenyesha, vifuu vilijaa maji meupe kama maziwa yaliyochakachuliwa. Alipofika nyumbani, mama yake alikuwa ameshavua sare ya hospitali, ameoga, na kuweka mezani sahani ya muhogo wa kuchemsha, chai, saa ya kengele na daftari.

Mama yake aliitwa Binsi. Alikuwa muuguzi katika hospitali moja ya watu binafsi mjini Pala, mwaka wa kumi na nne sasa. Wenzake wengi aliosoma nao uuguzi walikuwa wameshakwenda Ayalandi au Uingereza, na yeye pia alitaka kwenda. Lakini huko hawampokei muuguzi kabla hajafanya mtihani wa Kiingereza na kuufaulu: kusikiliza, kusoma, kuzungumza na kuandika. Mwezi wa tatu aliufanya. Sehemu tatu alipita. Ya kuandika ilimwangusha, alipungukiwa alama kumi.

Kuandika kwenyewe kulikuwa barua moja tu. Unapewa karatasi zenye habari za mgonjwa, unazisoma, kisha unamwandikia muuguzi au daktari mwingine barua ya kumkabidhi mgonjwa huyo. Dakika arobaini na tano, basi. Zamani Mama alikuwa akienda kwenye darasa la maandalizi kila Jumapili, lakini hospitali ilibadilisha zamu zake, Jumapili zikawa za kazi, na darasa likaishia hapo. Akabaki Ansu.

Ansu alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alisoma shule ya masista wa kanisa, ambako masomo yote yalifundishwa kwa Kiingereza, na katika somo hilo hakuna aliyemshinda darasani. Mama yake alisoma kwa Kimalayalam, lugha ya kwao yenye herufi zake, mpaka alipomaliza sekondari. Kiingereza alikifahamu, alikitumia wodini, lakini kalamu ilipogusa karatasi kilimponyoka.

"Haya, mwalimu," Mama alisema alasiri moja, akimsogezea daftari. "Leo nina mzee aliyevunjika nyonga."

Ansu alimeza muhogo, akachukua kalamu yake ya kijani.

"Hapa umeandika anaanguka bafuni. Alianguka lini?"

"Jumanne."

"Basi imeshapita, Mama. Alianguka. Jana nilikusahihisha hilihili."

"Haya, alianguka. Endelea."

"Na huyu paka ni wa nini?"

"Yumo kwenye karatasi zao za mtihani. Mzee anaishi peke yake na paka."

"Wanataka nyonga, hawataki paka. Paka amewekwa pale kukutega."

"Sasa nani atamlisha?"

Bibi, mama yake Baba, alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango akichambua mchele. "Mlaze paka naye wodini," alisema. "Na hayo maandishi yenyewe, vijiti vijiti vitupu. Herufi zetu zimeviringana vizuri, macho yanapumzika. Hivyo vijiti mtu anavisomaje?"

Mama alicheka mpaka akafunika uso na daftari. Alasiri nyingi zilikuwa hivyo.

Siku moja ya mwezi wa saba, Ansu alikuwa chumba cha nyuma akipiga pasi sketi ya shule. Wazazi wake walikuwa jikoni, na ukuta wa mbao kati ya jiko na chumba kile haukuzuia sauti.

"Sisi tutakufuata lini?" Baba aliuliza. Jina lake Saji. Alikuwa mgema mpira, na sauti yake ilikuwa ya chini siku zote.

"Baada ya mwaka. Au miwili. Mambo yakikaa sawa."

"Ansu umemwambia?"

"Anajua nakwenda."

"Anajua unakwenda. Hajui kama unakwenda bila yeye."

Ansu alisikia kijiko kikizunguka ndani ya kikombe kwa muda mrefu. Aliona moshi ukipanda, akainua pasi. Sketi ilikuwa imeungua, alama ya kahawia yenye ncha. Aliikunja, akaiweka chini ya nguo nyingine.

Kesho yake shuleni alikaa na Merin wakati wa chakula cha mchana. Mama yake Merin alikuwa Ayalandi mwaka wa nne. Merin alikuwa na viatu vizuri kuliko watoto wote wa darasa lao, na nyumba yao ilikuwa na geti la chuma, lakini ndani alikuwamo yeye na babu yake tu, maana baba yake alifanya kazi Kuwait.

"Mama yako alisema atawachukua baada ya muda gani?" Ansu aliuliza.

"Mwaka mmoja," Merin alisema, akichagua mifupa ya samaki kwenye wali. "Halafu ikawa nyumba kwanza. Halafu ikawa nimalize darasa la kumi kwanza."

"Ulilia sana?"

"Siku ya kwanza. Na ya pili." Merin alifikiri kidogo. "Baadaye hulii. Anapiga simu saa moja jioni, unamwambia ulichokula, anakwambia alichokula. Siku nyingine nafungulia simu na kuiegemeza kwenye kikombe, naendelea na hesabu zangu. Hata hajui."

"Hujisikii vibaya?"

"Sijisikii chochote. Nipe kachumbari yako kama huli."

Ansu akampa.

Alasiri hiyo barua ilikuwa ya mama mjamzito mwenye shinikizo la damu. Ansu aliisoma mstari kwa mstari. Kwenye mstari wa tatu Mama alikuwa amechanganya wakati uliopo na uliopita, kosa lake la kila siku. Kalamu ya kijani ilifika hapo, ikasimama. Ansu aliliona kosa waziwazi, kama mtu anavyoona kokoto kwenye mchele. Kisha kalamu ikapita. Chini ya barua akaandika neno moja: Vizuri.

"Hata moja?" Mama aliuliza.

"Mawili madogo. Nimeyarekebisha."

Mama alilitazama lile neno, akachana ukurasa ule kwa uangalifu na kuubandika ukutani, juu ya mtungi wa maji. Ansu alisubiri kusikia moyo ukimpiga, au uso ukimwaka, kama ilivyokuwa zamani akidanganya. Hakusikia kitu. Alimaliza muhogo wake, akaenda kuwafungia bata bandani.

Baada ya hapo ikawa rahisi. Akisahihisha kosa moja, anaacha matatu. Barua ikiwa ndefu mno, anasema urefu unatosha. Paka, mbwa, mjukuu aliye jeshini, wote aliwaacha wapite. Hakuwa amepanga, kila alasiri alijiambia ni leo tu. Siku moja Mama aliweka kidole kwenye sentensi.

"Hapa sina uhakika. Ni hivi, au ni kama nilivyoandika juu?"

Mama alikuwa amepatia juu. Ansu alitazama kidole kile, kilichokauka kwa dawa ya kunawia mikono.

"Ni hivi," alisema, akimwonyesha lililokosewa.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mama alifuta, akaandika lililokosewa kwa mwandiko mzuri. Mpaka siku ile Ansu alikuwa akinyamaza tu. Sasa alikuwa ametamka.

Mtihani ulikuwa mwezi wa tisa, mjini Kochi. Mama na Baba waliondoka na basi la asubuhi, wakarudi jua likizama. Mama alikuwa amechoka lakini uso wake uling'aa kwa furaha. Alisema barua ilimjia kama maji. Alitoa kwenye mkoba pakiti ya kalamu sita, zote za kijani.

"Mshahara wa mwalimu," alisema.

Ansu aliipokea kwa mikono miwili. "Asante, Mama." Aliiweka kwenye droo bila kuifungua.

Matokeo yalikuja baada ya majuma matatu, Jumamosi moja ambayo Mama hakuwa kazini. Alikuwa uani akiparua dagaa wakubwa, simu ikiwa juu ya ukuta wa kisima. Simu ililia. Alifuta vidole kwenye kanga aliyojifunga kiunoni, akaishika, akaisoma. Akaisoma tena. Kisha akairudisha pale pale, akachukua samaki mwingine.

"Vipi?" Bibi aliuliza.

"Ya kuandika."

"Imepungua?"

"Alama thelathini."

"Mara ya kwanza si zilikuwa kumi?"

"Zilikuwa kumi."

Mama aliparua samaki wote, akawaosha kwa maji matatu, akawapaka chumvi na manjano. Baba aliporudi kutoka shambani na kuambiwa, alikaa kwenye kizingiti akivua viatu vya mpira polepole. "Basi, Mungu ametaka ukae nasi," alisema. Mama akaitikia kwa kichwa.

Ansu alikuwa amelisubiri jambo hili bila kukiri moyoni kwamba alilisubiri. Mama haendi. Mama atakuwa hapa kesho, na Krismasi, na mwakani. Alikaa kitandani akasubiri furaha. Akangoja jioni ile, akangoja Jumapili kanisani, akangoja Jumatatu kwenye basi. Haikuja. Wali haukuwa na ladha, wala samaki. Mwalimu wa Kiingereza alirudisha majaribio, Ansu alipata kumi na tisa kati ya ishirini, darasa likampigia makofi. Alizitazama zile alama kana kwamba ni za mtu mwingine.

Nyumbani, meza ya alasiri haikuwa tena na daftari. Saa ya kengele ilirudishwa chumbani. Mama alikunywa chai akiwa amesimama, kisha akaenda kuchuma mboga au kufua. Zile barua, rundo zima, alizipeleka jikoni, karibu na kuni. Kila asubuhi alichana mbili tatu za kuwashia moto wa kuchemshia mchele. Hakuonekana kukasirika. Alikuwa mtu anayewasha moto, si zaidi.

Juma moja lilipita. Mvua za mwezi wa kumi zilianza, zile zinazokuja na radi jioni. Ansu alikuwa mezani na hesabu zake, Baba akinoa kisu cha kugemea, Mama akikunja nguo.

"Matroni aliniita leo," Mama alisema. "Wanatafuta msimamizi wa wodi ya wanawake."

Baba aliacha kunoa. "Ni habari njema hiyo."

"Nimekataa."

"Umekataa? Kwa nini, Mama Ansu?"

"Msimamizi anaandika ripoti kila siku, na kwa Kiingereza." Alikunja shati, akalilaza juu ya lingine. "Nimeandika barua miezi mitatu mfululizo. Nyumbani zote zilikuwa vizuri. Nikaenda pale nikaanguka kuliko mara ya kwanza. Maana yake nini? Maana yake kichwa changu hakishiki. Kuna watu vichwa vyao havishiki, na bora mtu ajijue mapema. Matroni amempa Sista Reji."

Alisema bila uchungu, kama anayetaja bei ya chumvi. Kisu kikaanza tena kwenye jiwe.

Ansu aliitazama namba iliyokuwa mbele yake kwenye daftari. Alikuwa amefikiri amemzuia Mama asiende mahali. Hakuwa amefikiri kwamba Mama ataamini lile neno la kijani, na akishaliamini, atatafuta mahali pengine pa kuliweka kosa, na hatapata pengine ila kichwani mwake mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata aliamka kabla ya kuitwa, akaenda jikoni. Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, karatasi mkononi. Ansu aliichukua ile karatasi kabla haijachanwa. Ilikuwa barua ya mtoto mwenye pumu. Chini yake kulikuwa na Vizuri.

"Rudisha, moto unazima," Mama alisema.

"Mstari wa pili una kosa," Ansu alisema. "Umeandika anakohoa. Ilikuwa wiki iliyopita. Mstari wa nne una kosa. Wa tano hauhitajiki wote. Wa tisa una kosa."

Mama alimtazama. "Umeyaona leo?"

"Niliyaona siku ileile."

Nje Bibi alikuwa akiwaita kuku. Mama hakusimama. Aliendelea kuchuchumaa, mikono juu ya magoti.

"Hii tu?"

"Hapana. Tangu mwezi wa saba. Mengine uliniuliza, nikakwambia uongo."

Ansu alitaka kusema kwa nini, lakini Mama hakuuliza. Alichukua kijiti, akasukuma makaa, akaweka kuni mbili, akapuliza. Moto ukashika bila karatasi.

"Nenda kaoge," alisema. "Basi litakuacha."

Siku mbili Mama hakuzungumza naye ila la lazima. Kula. Funga mlango. Mwavuli wako. Ansu aliona heri angepigwa. Siku ya pili jioni Mama alimwambia, "Baba yako utamweleza mwenyewe." Ansu akaenda kwenye banda ambako Baba alikuwa akikamua maji kwenye utomvu ulioganda, akamweleza, akisimama mlangoni. Baba aligeuza mashine ya mkono hadi utomvu ukatoka wote upande wa pili, mwembamba kama ngozi nyeupe.

"Mama yako alikuwa akibeba zile barua mpaka hospitalini," alisema mwisho. "Akiwaonyesha wenzake. Akiwaambia, binti yangu ndiye mwalimu wangu." Alining'iniza ngozi ya mpira kwenye kamba. "Nishikie upande huo."

Ansu akamshikia.

Jumamosi alasiri, Ansu alipotoka kuchota maji, alikuta meza imewekwa daftari, saa ya kengele na barua zote zilizonusurika moto. Zilikuwa kama nusu. Pakiti ya kalamu za kijani ilikuwa imetolewa kwenye droo na kufunguliwa.

"Kaa," Mama alisema. "Anza ya juu. Kila kosa uliloliona ukaliacha, lizungushie duara. Nami niko hapa."

Kazi hiyo ilichukua alasiri nne. Ansu alisoma kila barua, na Mama akatazama kalamu ikizunguka. Ilikuwa vigumu kuliko mtihani wowote. Penye kosa ambalo Mama alikuwa ameliuliza na kudanganywa, Ansu alilazimika kusema, "Hapa ulipatia. Mimi ndiye niliyekukosesha." Mama alijibu, "Endelea." Siku ya tatu, katikati ya barua ya mwanamke mwenye kisukari, duara likaloa. Ansu hakujua kwamba alikuwa analia mpaka alipoona wino ukisambaa. Mama alimpa upindo wa kanga yake, akangoja, kisha akasema tena, "Endelea."

Siku ya nne Mama alizipanga barua zote mezani, akaanza kuyapitia maduara kwa kidole.

"Ni yaleyale," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Wakati uliopita. Vile vineno vidogo vya mbele ya majina. Kuongea kupita kiasi." Alihesabu kwenye vidole. "Ni sita. Makosa yangu ni sita tu, yanajirudia. Na mimi nilidhani ni kichwa kizima."

Bibi alijikohoza kwenye kiti chake. "Sita ni machache. Mimi mume wangu alinihesabia zaidi."

Mama alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. Akamgeukia Ansu.

"Kwa nini?"

"Sikutaka uende."

"Ungeniambia."

"Ungebaki?"

Mama alifikiri. Ansu aliona kwamba alikuwa anafikiri kweli, hakuwa akitafuta jibu la kumridhisha mtoto. "Sijui," alisema. "Pengine ningekwenda tu. Lakini ningekwenda nikijua. Sasa sikiliza. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilisahau kumchoma mgonjwa sindano ya saa nne. Nikaona haya. Nikaweka alama kwenye karatasi kwamba nimemchoma. Daktari akaja, akasoma karatasi, akaona dawa imeingia na mgonjwa bado ana homa. Akasema dawa hii haimfai, tubadilishe iwe kali zaidi. Kosa langu lilikuwa sindano moja. Karatasi yangu ya uongo ndiyo ingemuua yule mama."

"Ulifanyaje?"

"Nilimkimbilia daktari kwenye ngazi, nikamwambia. Alinifokea mbele ya watu wote. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini yule mama alipewa sindano yake, na siku ya tano alikwenda kwao na mtoto wake mgongoni." Mama alizikusanya barua, akazigonga mezani zikae sawa. "Kosa likisemwa, mtu anaweza kulitibu. Likifunikwa, watu wanatibu ugonjwa usiokuwepo. Mimi nilikuwa natibu ujinga ambao sina. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Bado nina hasira, itachukua siku kadhaa. Hayo mawili yanakaa pamoja." Aliivuta saa ya kengele. "Dakika arobaini na tano. Nisomee habari za mgonjwa."

Tangu siku ile Ansu hakuacha kosa hata moja. Siku za kwanza barua zilirudi kwa Mama kama zimeota nyasi. Mama alinuna, akabishana, akaandika upya. Yale makosa sita aliyaandika kwa Kimalayalam kwenye karatasi na kuibandika mahali ilipokuwa ile ya Vizuri. Mwisho wa mwezi wa kumi na moja alikwenda tena Kochi, peke yake, maana mvua ilikuwa imekatika na Baba alikuwa na miti ya kugema.

Kabla ya Krismasi, Ansu alikuwa juu ya ngazi, akitundika nyota ya karatasi mbele ya nyumba, Baba akishikilia ngazi. Mama alipanda kilima kutoka kituoni, bado na sare, mkoba begani. Alisimama chini ya ngazi, akanyoosha simu ili wote waione.

Baba aliisoma kwanza. Alivua kitambaa alichojifunga kichwani, akajifuta uso nacho. Bibi aliuliza kutoka ndani kama ni heri au shari, akaambiwa ni heri, akaanza kusali kwa sauti.

"Umepita zote," Ansu alisema.

"Zote."

Ansu alishuka ngazi moja moja. Alisimama mbele ya mama yake. Maneno mawili yalikuwa kooni mwake, na alijua ni lipi linalopendeza.

"Nimefurahi, Mama," alisema. "Na sitaki uende."

Mama alimtazama, kisha akaweka mkoba chini na kukaa kwenye kizingiti, akamkalisha kando yake.

"Mwezi wa tatu nitakwenda," alisema. "Mwaka wa kwanza utabaki na Baba na Bibi. Sitakwambia ni mwaka mmoja kamili, kwa sababu sijui. Nikijua, wewe utakuwa wa kwanza kuambiwa. Na matroni nimemwandikia leo kwamba miezi hii iliyobaki, akihitaji mtu wa kuandika ripoti, nipo."

"Sawa."

"Na wewe nikikupigia simu, ukiwa na huzuni, useme una huzuni. Ukiwa umenichoka, useme umenichoka. Mtu anayekupenda anaweza kuubeba ukweli wako, hata ukiwa mzito. Uongo hawezi kuubeba, maana hajui kama yuko nao mgongoni. Unamwangusha bila yeye kujua amejikwaa wapi."

Ansu aliegemea bega lake. Sare ilinuka dawa za hospitali na jasho la kupanda kilima. Kifua kilimuuma, mahali palepale ambapo miezi mingi hapakuwa na kitu, na aliacha kiume.

"Tukakatekate muhogo," Mama alisema baada ya muda. "Baba yako hajala tangu asubuhi."

Wakainuka, wakaingia ndani.